Chini ya Meza ya Waskoti

Jumapili, 7 Aprili 1957

Nimepewa kazi. Baada ya ibada ya alasiri Mchungaji Makrei alinifuata mlangoni, kofia mkononi, na kile Kiswahili chake cha kitabuni. Kanisa linatimiza miaka thelathini mwezi ujao, tarehe kumi na tisa. Anataka historia yake iandikwe, kurasa chache tu, isomwe siku hiyo. Ati mimi ndiye mwenye mwandiko mzuri kati ya wanawake. Kati ya wanawake! Nusu ya wazee wake wa kanisa nimewafundisha mimi kushika kalamu.

Nimekubali lakini. Historia yake nitaiandika kwenye karatasi zake, yangu nitaiandika humu.

Mwanzo naujua. Waskoti wa reli na wa mashamba ya mkonge walitaka mahali pa kusali kwa desturi ya kwao. Na Wanyasa waliokuja na vita vya Mjerumani wakabaki hapa — makarani, wapishi, askari wa zamani, akina baba yangu — walikuwa watoto wa misheni ya Waskoti haohao kule Nyasa. Wakajenga pamoja, katikati ya mji, jirani na benki. Wazungu asubuhi, sisi alasiri. Siku hizi wazungu wa asubuhi wamebaki wachache, hata mpiga kengele anaona haya kuwapigia.

Mengine nitamwuliza mume wangu, Eliudi. Ndiye mzee wa kanisa wa siku nyingi kuliko wote, na ndiye pekee aliye hai kati ya waliokuwapo msingi ulipochimbwa. Mimi wakati huo nilikuwa bado kwetu Muheza. Nilipomwambia kazi niliyopewa alicheka kidogo tu.

"Andika majina ya wachungaji, Mama Tadeo. Yanatosha."

Jumatano, 10 Aprili

Mvua. Masika imeingia kwa nguvu.

Siku yetu ya usafi kanisani. Tulikuwa wawili tu, mimi na Saleha mjane. Maskini Saleha, anafagia nyumba ambayo Meza yake haruhusiwi kuila. Wamemnyima kipande cha kukalia Meza ya Bwana tangu alipogombana na wifi yake, na wifi mwenyewe keshakufa, sasa apatane na nani? Lakini anafagia vizuri kuliko sisi wenye vipande.

Sakafu mbele ya mimbari imetoa chumvi, nyeupe, kama jasho lililokauka mgongoni mwa shati. Tumesugua, haitoki. Nikaweka ndoo chini, ikalia kama nimeiweka juu ya sanduku tupu. Nikaisogeza nyuma karibu na mlango — kimya, sakafu kama sakafu. Nikairudisha mbele. Ikalia tena.

Saleha akasema tuondoke, giza la mvua linamtisha. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Jumapili, 21 Aprili — Pasaka

Mambo mawili.

La kwanza la furaha. Mwanangu Tadeo atawekewa mikono kuwa mzee wa kanisa siku ya miaka thelathini. Kijana kuliko wote! Na siku hiyo Meza ya Bwana italiwa kwa desturi ya zamani ya Waskoti: mabenchi yatatolewa, meza moja ndefu itapangwa katikati ya kanisa, toka mimbari hadi karibu na mlango, watu wakae pande zote mbili kama watu wa nyumba moja. Mchungaji alieleza mpaka macho yakamng'aa. Nami nilifurahi. Nilimtazama Tadeo na shingo yake ndefu, nikalia kidogo, nikasingizia mafua.

La pili. Wakati wa sala ya kimya. Watu wote wameinama, mvua imepungua. Nikasikia: chubwi.

Si nje. Chini yetu. Kama kijiwe kimeanguka majini, mbali.

Nikafumbua macho. Watu wote wamefumba. Isipokuwa Eliudi. Alikuwa amesimama pembeni ya mimbari, macho wazi, anatazama sakafu.

Nilipomwuliza njiani alisema hakusikia kitu.

Alhamisi, 2 Mei — Idi pili

Nimetoka mtaa wa Usagara kwa Mama Mwamvua, mdogo wake marehemu mama. Mama aliolewa na Mnyasa akabatizwa, yeye Mwamvua akabaki na Uislamu wake, na hawakuwahi kugombana kwa hilo hata siku moja. Kila Idi naenda. Tambi, kaimati, na masengenyo ya mwezi mzima aliyoyazuia kwa ajili ya saumu.

Nikamwambia habari ya historia ninayoandika. Kwa mchezo tu nikamtajia na ndoo iliyolia. Akaacha kucheka.

"Kwani hujui? Pale ndipo kilipokuwa kisima."

Kisima gani?

Akaniambia. Kisima cha Bi Asmahani. Mwanamke wa zamani aliyekichimbisha kwa mali yake akakitoa wakfu — maji ya Mwenyezi Mungu, anayepita anakunywa, hakuna wa kumwuliza. Mwamvua mwenyewe akiwa kigori alikuwa akiteka pale kila asubuhi. Maji baridi, hayana chumvi, na bahari iko palepale. Wazungu wakaja kupima kiwanja. Watu wakaenda kulalamika. Ndipo akatolewa karani wao awaambie.

"Kijana mwembamba, shati jeupe, Kiswahili chake kimepinda. Akasimama mbele yetu akasema, kisima chenu hakiguswi. Kitabaki nje ya ua, na njia yake mtapewa. Wallahi, alisema vizuri mpaka wazee wakamwombea dua."

Ikaja Idi. Watu wakaenda kuswali. Waliporudi hakuna kisima. Pamesawazishwa, udongo mbichi juu. Wakaambiwa kimejazwa mawe, hakitarudi, waende Ngamiani kuna bomba.

Nikamwuliza na yule karani alikuwa nani. Mwamvua akaongeza chai kwenye kikombe changu ambacho hakikupungua.

"Umemzalia Tadeo," akasema.

Sikujua niweke wapi kikombe. Miaka yote hii, mama, hukuniambia? Akasema angeniambia ili iweje, na mimi nilikuwa nimeshaolewa. Akanifungia kaimati za mjukuu wake Tadeo. Nimezibeba hadi nyumbani, bado ziko kwenye karatasi.

Ijumaa, 3 Mei

Nimemwuliza. Alikuwa anapaka viatu rangi, kazi anayoipenda.

Kisima kilijazwa?

"Kilijazwa mawe."

Uliona?

"Mama Tadeo, hayo ni mambo ya zamani." Akaendelea na kiatu kilekile kilichokwisha kung'aa. Usiku bada la muhogo na samaki vikabaki kwenye sahani yake.

Jumanne, 7 Mei

Mwandiko wangu mzuri uko wapi.

Nilikuwa napanga sanduku lake, nitoe koti lake la Meza nilianike kabla ya siku yenyewe. Chini kabisa kuna kopo la sigara. Eliudi havuti sigara. Nikalifungua.

Vipande. Kopo limejaa vipande vya Meza.

Ni desturi yetu sisi, makanisa mengine hawana. Kila inapofika Meza ya Bwana, Jumamosi yake wazee huwagawia watu vipande vya madini ya risasi, vidogo kama vifungo vya koti, vyenye alama ya kijiti kinachowaka moto. Anapewa asiye na ugomvi na jirani wala jambo alilolificha. Kesho yake ukikaa mezani unarudisha kipande chako, ndipo unakula mkate. Huna kipande, huli. Na kipande hakibaki nyumbani kwa mtu. Kinarudi mfukoni, na mfuko mtunzaji wake ni Eliudi.

Hivi ni vyake. Kila Meza alichukua kipande chake kama wenzake, na kila Meza hakukirudisha. Anazungusha sahani, anawahudumia wengine, nani atamwangalia kama yeye mwenyewe amekula? Mimi sikuangalia. Miaka yote ya ndoa yangu nimekaa kwenye benchi la wanawake nimeinamisha kichwa, naombea nyumba yangu, na mume wangu anapita mbele yangu na njaa yake.

Nilikaa kitandani nalo magotini mpaka aliporudi. Akaliona kopo. Akavua kofia, akakaa sakafuni, yeye ambaye hakai hata kwenye kigoda bila kukipangusa.

Amesema yote. Kisima hakikujazwa. Mawe yangechukua siku nyingi, na watu wangerudi kutoka kuswali wakakuta. Mzungu wa ujenzi aliamuru kifunikwe tu: boriti za mikoko zilazwe juu, na reli chakavu za kitoroli cha mkonge, kisha mchanga, kisha zege. Alisema kitajazwa baadaye. Kisha akaenda likizo kwao, hakurudi. Alikuwa amemwapisha Eliudi asiseme.

"Nilitoa ahadi mbili," alisema. "Nimetimiza ile mbaya."

Boriti zile zina miaka thelathini kwenye unyevu. Anajua. Kila masika anasikiliza. Na sasa meza ndefu itawekwa juu yake, na watu wote wakae hapo kwa pamoja.

Nikamwambia basi sema, Eliudi. Akasema atasema. Baraza la wazee linakaa keshokutwa. Amelia. Sijawahi kumwona analia, hata alipomzika mama yake. Nimemwonea huruma kuliko hasira, leo.

Alhamisi, 9 Mei

Baraza limekaa, mlango umefungwa, kama kawaida yao. Nimemngoja barazani kwetu.

Umesema?

"Nimesema sakafu ina unyevu."

Na?

Wameamua kununua jamvi jipya. Kubwa. La kufunika.

Nilicheka, kicheko kibaya, majirani wakachungulia. Jamvi! Akaanza kunieleza kwa sauti ya chini. Akisema ukweli, Tadeo hatawekewa mikono. Nani atamkabidhi uzee wa kanisa mtoto wa mtu aliyedanganya juu ya nyumba ya Mungu? Na mji huu wa sasa, wa mikutano na bendera, watu wakisikia kisima cha wakfu bado kiko wazi chini watakuja kukidai, na kanisa litabomolewa. Ameyapanga vizuri, kama karani. Nikamwuliza na watu watakaokaa juu yake je? Akasema zege ni nene. Alilisema akitazama ukuta.

Hasira imerudi yote.

Jumapili, 12 Mei

Nimesema mimi.

Nilibaki baada ya ibada nikamweleza Mchungaji Makrei: kisima, boriti, kila kitu. Alinisikiliza kwa adabu, mikono nyuma. Kisha akamwita Eliudi, akamwuliza mbele yangu na mbele ya Tadeo.

Eliudi akatazama viatu vyake.

"Kilijazwa mawe. Niliona kwa macho yangu."

Basi. Mchungaji akatabasamu, akasema majirani wana hadithi nyingi, naye ameambiwa hata kwamba chini ya benki kuna nyoka. Akanishukuru kwa bidii yangu. Kwamba historia nimeifanyia kazi kwelikweli.

Tadeo alinishika mkono kunitoa nje, polepole, kama mgonjwa. "Mama, umejazwa maneno ya Usagara." Mwanangu huyu. Nikamwambia arudi pale mbele asikilize mwenyewe. Akarudi, kunifurahisha tu, akakanyaga sakafu kwa kisigino kwa nguvu zake zote. Akakanyaga tena. Nilifumba macho. Pakalia.

Akasema sakafu zote hulia hivyo.

Nyumbani nimechukua mto wangu. Nimehamia chumba cha mbele.

Jumatatu, 13 Mei

Nilikwenda tena Usagara. Shikamoo, marahaba, na kabla sijakaa nikamwambia Mama Mwamvua kwamba hakikujazwa, kimefunikwa tu.

Alikuwa anamenya chungwa. Akaliweka chini.

"Basi kipo," alisema. "Miaka yote hii kipo."

Nikamwuliza niwaambie watu wa mtaani? Wao wataamini. Akanikamata mkono, kucha zake ndani ya ngozi yangu.

"Usithubutu. Watakwenda na majembe, mwanangu, na humo ndani mna mwanao."

Nimerudi kama nilivyokwenda. Hakuna mlango uliobaki.

Alhamisi, 16 Mei

Mvua haijakatika tangu juzi. Mafundi wamemaliza meza. Mbao juu ya miguu ya mbao, ndefu kweli, nzuri, inanukia mvule. Jamvi jipya chini. Kanisa limekuwa kama sebule ya harusi.

Wengine walipotoka nilibaki. Nikaliinua jamvi pale mbele. Kuna ufa. Mwembamba, unatoka kwenye mguu wa mimbari, unapita chini ya meza, sikuuona mwisho wake. Jumatano iliyopita haukuwapo. Nikaweka kidole. Hewa ya baridi inatoka. Inanuka maji ya siku nyingi.

Nilimwita Mchungaji aone. Alichuchumaa, akaugusa, akasema kanisa la kwao utotoni lilikuwa na nyufa kubwa zaidi na bado limesimama. Fundi atauziba wiki ijayo.

Wiki ijayo!

Naogopa. Niliandike lilivyo: naogopa.

Mfuko wa vipande umening'inia nyuma ya mlango wa chumba tulichokuwa tukilala wote. Hakuna kipande, hakuna Meza. Ndiyo sheria yao, hawajaivunja tangu kanisa lijengwe. Nimeutazama mfuko ule mpaka nikaona haya.

Jumamosi, 18 Mei

Nimefanya.

Eliudi alikwenda kwa kinyozi. Niliutoa mfuko, nikautia ndani ya kanga, nikaongeza na vile vya kwenye kopo, nikashuka hadi bandarini. Nikavimwaga majini. Risasi haielei hata kidogo. Nikarudi nikanunua nazi, nisionekane nimetoka bure.

Eliudi alirudi, akauangalia msumari mtupu, akaniangalia mimi. Hakuuliza. Nadhani alishukuru. Nadhani tulikuwa mume na mke kwa muda ule mfupi.

Ibada ya matayarisho alasiri. Watu wamekaa wanangoja vipande. Eliudi akanong'ona na Mchungaji. Mimi nilikaa kwenye benchi langu na furaha ya mwizi. Meza itaahirishwa, nikasema moyoni. Watatafuta risasi, watayeyusha, watapiga chapa, mwezi mzima. Masika itapita. Fundi atachimba ule ufa, ataona mwenyewe.

Mchungaji akasimama. Alikuwa mwekundu, kisha akatulia, kisha uso ukamng'aa kama siku ile ya Pasaka.

Vipande vimepotea, akasema. Pengine Mungu mwenyewe amevichukua. Kwa miaka thelathini tumewahesabu watu kwenye Meza ambayo si yetu. Basi kesho hakuna kipande. Kila mtu aje. Waliokuwa wamezuiliwa waje, wageni waje, wazungu wa asubuhi nao watakaa pamoja nasi. Meza itaongezwa upana.

Watu walishangilia, na kanisani kwetu watu hawashangilii. Saleha mjane alilia kwa sauti. Alinikumbatia nje, kwenye matope, akisema kesho atakaa mbele kabisa, karibu na Mchungaji, ameshangoja vya kutosha.

Nimewaongeza. Nilitaka kuwatoa, nimewaongeza.

Jumapili, 19 Mei

Naandikia kwenye ngazi ya mlango mkubwa, kwa penseli. Nimesema nina kizunguzungu, nataka hewa. Mvua imeacha, lakini paa linachuruzika.

Leo asubuhi nilimwambia Eliudi mara ya mwisho. Alikuwa amevaa koti lake tayari. Akanifunga kifungo cha kola yangu, jambo ambalo hajalifanya tangu tukiwa vijana. "Leo nitakula," akasema. Nikamwuliza atakaa wapi. "Mahali pangu." Napajua: kando ya mimbari.

Ndani kumejaa. Wazungu na watu wetu bega kwa bega, watoto juu ya magoti. Wamesoma historia yangu. Niliandika sentensi ya kisima, niliiandika kwa herufi kubwa na safi. Niliingoja. Msomaji akafika hapo, akakohoa, akaruka. Msingi ulichimbwa mwaka 1926 kwa furaha kubwa, akasema. Furaha kubwa sikuandika mimi.

Tadeo amewekewa mikono. Nilimwona kwa upenyo wa mlango, kichwa chini ya mikono ya wazee, na mkono wa baba yake juu ya yote. Kisha baba yake akamwinamia sikioni.

Sasa hivi Tadeo ametoka. Amekasirika, shingo yote imesimama. Amefungua mabawa yote mawili ya mlango na kuyaegemeza mawe.

"Baba kasema kazi yangu ya kwanza ni kushika mlango huu uwe wazi. Nisisogee mezani mpaka aniite. Mama, mzee gani wa kanisa anawekwa mlangoni siku yake ya kwanza?"

Nimeelewa. Eliudi amejitwisha lake, amekaa juu yake, na amemtoa mmoja, mwanawe. Mmoja tu, Eliudi? Na Saleha je? Namwona kutoka hapa. Kanga mpya, kitabu cha Zaburi amekishika juu chini, anacheka peke yake. Amekaa karibu na mguu wa mimbari.

Wanaimba Zaburi kabla ya mkate. Polepole, kama kawaida yetu, kila ubeti unakokotwa. Mwanamke hasemi katika kanisa hili. Hajawahi. Nimemwambia Tadeo mimi nikiinua mkono aanze kuwaita watu watoke, mmoja mmoja, wa karibu na mlango kwanza, asipige kelele, asiulize. Amenitazama usoni kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Amekunja mikono ya shati lake.

Eliudi ameniona. Ametikisa kichwa, kidogo, hapana.

Ubeti wa mwisho. Nampa Tadeo kitabu hiki ashike. Navua viatu, naenda mbele kusema, nisikanyage kwa kisigino.